Kompyuta ya ofisi au mpakato wako? Ulinganisho kwa mtumishi wa umma wa Dar es Salaam

Kila tunapopokea watumishi wa ajira mpya, swali huwa lile lile mara tu wanapoonyeshwa meza: "Nitumie mpakato wangu, au nisubiri kompyuta ya ofisi?" Mimi ni afisa TEHAMA katika manispaa mojawapo ya mkoa huu, na kwa miaka kadhaa nimelijibu swali hilo nikiwa njiani, tona ya printa mkononi, naelekea chumba kingine. Halistahili jibu la njiani. Mtumishi anayechagua vibaya siku ya kwanza huendelea hivyo miaka kumi, na gharama yake huja kuonekana siku ambayo hakuna tena cha kurekebisha.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Ukipata barua ya uhamisho leo, ukatakiwa uripoti Kigoma wiki ijayo, kazi uliyoifanya itabaki ofisini? Na mambo yako ya nyumbani yataondoka nawe? Njia inayokupa "ndiyo" mara zote mbili ndiyo ya kushika. Sasa tuzipitie njia zenyewe, mbili mbili.

Kompyuta ya ofisi na mpakato wako

Kompyuta nyingi za ofisini ni za zamani, zinawaka polepole, na katika baadhi ya vitengo watumishi watatu hupokezana moja. Mpakato wako una kasi, umeuzoea, na unaweza kuumalizia kazi nyumbani Chanika au Mbagala baada ya foleni. Anayeuchagua simlaumu.

Lakini tazama kila kimoja kinakuja na nini. Kompyuta ya ofisi imo kwenye rejesta ya mali na imepigwa namba. Ikiharibika ni kazi yetu kuitengeneza, ikiibiwa kuna utaratibu wa kutoa taarifa, na ikihitaji kusasishwa sisi ndio tunaoulizwa. Mpakato wako ukiporwa kituoni wakati unagombania daladala, umeporwa wewe, na pamoja nao yamekwenda majina, namba za simu na namba za NIDA za wananchi waliokuja kuomba mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai taarifa za mtu zilindwe na zitumike kwa kazi iliyozikusanya. Mwananchi yule alizikabidhi kwa halmashauri. Hakuzikabidhi kwa begi lako.

Lipo pia suala la programu zenyewe. Mipakato mingi inayonunuliwa Kariakoo ikiwa imetumika huja na Windows iliyochakachuliwa, na mwenye duka mara nyingi huwa amezima usasishaji ili leseni isigundulike. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa siku moja na kufunga kompyuta za hospitali nyingi za umma nchini Uingereza, hadi wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu la Windows ambalo kirusi kile kilipitia, tangu Machi mwaka huo. Zilizoumia ni kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa. Ndiyo maana tukimkuta mtu ameuchomeka mpakato wa namna hiyo kwenye waya wa ofisi huwa tunauchomoa kwanza, maelezo baadaye. Hatumdharau mwenye mpakato; tunawafikiria wenzake mia moja walio kwenye waya ule ule.

Upande wa pili husahaulika. Kompyuta ya ofisi si yako, na mwajiri ana haki ya kuikagua. Nimewahi kuandaa kompyuta kwa ajili ya mtumishi mpya nikakuta picha za kitchen party, mkataba wa kiwanja cha Kigamboni wenye sahihi za mashahidi, na majibu ya vipimo vya hospitali. Mwenyewe alishahama miezi minane nyuma. Nilivifuta bila kuvisoma zaidi ya pale nilipolazimika, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba atakayekuja baada yako atakuwa na moyo huo. Ugeuze pia: mpakato wako ukijaa kazi za ofisi, siku ukitokea uchunguzi unaweza kushikiliwa kama kielelezo, na harusi yako pamoja na kiwanja chako vikakaa humo humo kituo cha polisi.

Kwa hiyo, kompyuta ya ofisi kwa kazi ya ofisi, hata kama ni ya polepole. Kama kweli haipo, na najua mara nyingi haipo, usianze kimya kimya. Andika dokezo kwa mkuu wa kitengo kuomba kibali cha kutumia chako, kipitie kwetu. Tutakufungulia akaunti ya pili ndani ya mpakato, ya kazi peke yake, yenye nywila yake. Tutaisimba diski, isisomeke bila nywila, ili mwizi apate bati tupu. Na tutakuonyesha folda ya ofisi ambamo utaweka nakala kila jioni kabla ya saa tisa na nusu. Dokezo lile litakusaidia siku ukiulizwa.

Mtandao wa ofisi na bando lako

Hapa sitakaa sana, kwa sababu wengi wanachagua kwa kuangalia kasi tu, na kasi ndiyo jambo dogo.

Mtandao wa ofisi unachujwa, una kumbukumbu za nani alifungua nini, na unagawanywa na watu wote. Bando lako ni lako. Ukitaka kuangalia mechi ya Simba na Yanga, kupakua filamu ya watoto au kuendesha biashara yako ya vitenge Instagram, tumia bando lako kwenye simu yako, muda wa mapumziko. Sababu utaiona ukishuka ghorofa ya chini, kwenye dirisha la leseni za biashara. Mama aliyetoka Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi anasubiri kumbukumbu namba ya malipo, na mfumo unazunguka tu. Filamu unayoipakua juu na namba anayoisubiri chini vinapita kwenye bomba moja.

Wengine hufanya kinyume: mtandao wa ofisi ukilegea, wanawasha waifai ya simu na kuiunganisha kompyuta ya ofisi huku waya bado umechomekwa. Hilo naomba uliache kabisa. Kompyuta inakuwa na mguu mmoja ndani ya mtandao wa Serikali na mwingine nje, na chochote kinachoingia kwa mguu wa nje kimeukwepa ukuta wote tuliojenga mlangoni. Mara nyingi hata haikusaidii, kwa sababu baadhi ya mifumo haifunguki nje ya mtandao wa Serikali. Na ikiwa tatizo liko mbali zaidi, bando nalo litalegea vile vile. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, ofisi na simu za watu zilisota pamoja. Waliofanya kazi Jumatatu yake ni wale waliokuwa na nakala za majalada yao kwenye kompyuta au kwenye seva ya ndani.

Barua pepe ya Serikali na Gmail yako

Maelekezo ya Serikali yako wazi: mawasiliano ya kiofisi yapite kwenye barua pepe ya Serikali, ile inayoishia go.tz. Bado naona kadi za kazi zenye Gmail, matangazo ya mikutano yenye Yahoo. Wanaozitumia wana hoja zao. Gmail haijai haraka, inafunguka kwenye simu bila kuhangaika, na nywila yake wanaikumbuka. Barua pepe ya ofisi, wanasema, ukisahau nywila mpaka umtafute mtu wa TEHAMA. Ni kweli, na ni juu yetu kulifanya hilo liwe jepesi.

Ila kuna mambo mawili ambayo Gmail haiwezi kukupa.

Kwanza, anayepokea barua yako anajuaje kwamba ni wewe? Jina la go.tz hupewa taasisi za umma tu. Gmail yenye neno "manispaa" anaweza kuifungua yeyote akiwa amekaa kibarazani Manzese, kwa dakika tano. Nchi hii imechoshwa na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wamekuja matapeli wa ajira na matapeli wa zabuni, na kinga ya kwanza ya mwananchi ni kutazama barua imetoka wapi. Kila mtumishi halali anayeandika kwa Gmail anamfundisha mwananchi kwamba Gmail ni kawaida, na tapeli anavuna.

La pili nililiona kwa macho. Katika ofisi niliyowahi kufanyia kazi, mzee mmoja mhandisi alistaafu kwa heshima zote, tukamwimbia na kumkatia keki. Miezi kadhaa baadaye wakaguzi wakataka uthibitisho wa tarehe ambayo mkandarasi alitaarifiwa kuhusu kasoro za mtaro. Barua ilikuwepo, mzee alikumbuka hata maneno yake. Aliiandika kwa Gmail yake. Tulimpigia, yuko shambani Tukuyu. Laini aliyosajilia akaunti ilishapotea, na bila namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini ile akaunti haikufunguka. Tulijaribu siku tatu. Ofisi ikaandikiwa hoja ya ukaguzi kwa kazi ambayo mzee yule aliifanya vizuri. Aliumia kuliko sisi sote.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazichukulia kumbukumbu za ofisi ya umma kuwa mali ya umma. Barua ya mzee ilikuwa mali ya umma iliyofungiwa kwenye sanduku binafsi, na ufunguo ukapotea.

Gmail ibaki ya benki yako, ya shule ya watoto na ya maombi yako ya masomo. Usiandikishe hayo kwa barua pepe ya ofisi, maana siku ukihama itafungwa, na benki itaendelea kuituma taarifa ya akaunti yako mahali usipofika.

Grupu la WhatsApp na e-Office

Hapa ndipo ugumu ulipo, na sitajifanya kwamba jibu ni jepesi.

WhatsApp inafanya kazi. Mkurugenzi akitaka takwimu za madarasa saa mbili usiku, afisa elimu kata wote wako kwenye grupu, na kabla ya saa tatu zimefika. Mafuriko yakiukumba Msimbazi na Jangwani, picha ya kwanza inatoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kupitia simu yake, na hakuna mfumo rasmi utakaoishinda kwa haraka. Anayemwambia mtumishi aache WhatsApp kabisa hajafanya kazi ya halmashauri.

e-Office, mfumo wa Serikali wa majalada ya kielektroniki, ni ya hatua. Barua inaingia, masijala wanaifungulia jalada, inapewa folio, mkuu anaandika maelekezo, afisa anajibu kwa dokezo, na kila hatua inaonyesha nani na lini. Inachosha ukiwa na haraka. Lakini hakuna anayeweza kusema "sikuiona", na hakuna anayeweza kukusingizia kwamba hukuijibu.

Kwenye grupu, barua yenye muhuri huanza kama picha. Picha inajihifadhi kwenye simu ya kila mwanachama, mwanachama mmoja ana simu ambayo mtoto anachezea, mwingine picha zake hupanda zenyewe kwenye akaunti yake ya mtandaoni, wa tatu alishahama idara mwaka jana na hakuna aliyemtoa. Usiku ule ule barua inasambaa kwenye grupu la familia ya mtu, kesho iko mitandaoni, na kila mmoja anaapa hakuituma. Inawezekana wote wanasema kweli kadiri wanavyojua.

Mpaka ninaouweka mimi ni huu: WhatsApp kwa kuita, e-Office kwa kuagiza na kujibu. "Wakuu, kuna barua ya takwimu kwenye mfumo, mwisho kesho saa nne" ni ujumbe mzuri wa grupu. Barua yenyewe isipande. Picha ya mafuriko ipande, kisha taarifa iandikwe jaladani asubuhi. Jina la mgonjwa, matokeo ya mtoto wa shule, barua ya nidhamu ya mtumishi mwenzako, na chochote kilichopigwa muhuri wa SIRI visiguse grupu hata kama ni mkubwa wako anayeomba. Mjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee, nimeiweka kwenye mfumo muda huu, naomba uitazame huko." Nimeona maafisa wadogo wakijibu hivyo, na hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa jibu hilo.

Na kama umefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisi, ifunge unapoondoka. Anayekaa kwenye kiti hicho baada yako anasoma kila kitu.

Kumpa mwenzako nywila na kumkasimia kazi

Kama msomaji ana muda wa kusoma sehemu moja tu, basi asome hii.

Hali inajulikana. Mkuu yuko kikaoni Dodoma. Malipo yanasubiri idhini kwenye mfumo wa MUSE, zabuni inasubiri hatua kwenye mfumo wa NeST, mwananchi amesimama dirishani. Mkuu anapiga simu: "Mwanangu, chukua nywila yangu, nimalizie." Kijana anafurahi kuaminiwa, na kazi inakwenda. Kwa PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, imekuwa hivyo hivyo: kijana mmoja anayejua kompyuta anakusanya nywila za idara nzima kwenye karatasi na kuwajazia wote utendaji wao wa kazi.

Linganisha na njia ya pili. Mkuu anaandika barua ya kukaimisha, mtu wa mfumo anampa kaimu haki zake kwa siku zilizotajwa, kaimu anaingia kwa jina lake na kuidhinisha kwa jina lake, na mkuu akirudi haki zinaondolewa. Inachukua nusu siku ukiwa hukujiandaa. Ukiwa umejiandaa, ni dakika chache.

Mfumo hauwezi kujua kwamba ulimpa mtu nywila kwa nia njema. Unaandika jina, tarehe, saa na kompyuta. Dada mmoja ninayemfahamu, mhasibu wa mapato, aliacha nywila yake kwa wenzake alipokwenda likizo ya uzazi. Ankara ikafutwa kwa jina lake, na aliyeifuta hakujulikana, kwa sababu watu wanne walikuwa na nywila ile. Barua ya likizo ilimsaidia kuonyesha kwamba hakuwepo. Haikumsaidia kueleza kwa nini mlango wake ulikuwa wazi. Aliitwa mbele ya kamati akiwa na mtoto wa wiki sita mgongoni. Na wale wanne nao hawakuwa salama, maana kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mitandao ya mwaka 2015, na neno la mwenye nywila kwenye simu si idhini ya mwenye mfumo.

Linalonisumbua zaidi siku hizi ni nywila za mfumo wa utumishi, ESS. Mtumishi anakwenda kuomba mkopo, wakala anamwambia "nipe nywila nikusaidie kujaza". Humo kuna mshahara wako, taarifa zako za kazi na njia ya kuthibitisha makato. Kaa naye akuelekeze, wewe bonyeza. Akikataa kukuhudumia kwa masharti hayo, huyo si mtu wa kukukopesha. Wenye madeni ya kausha damu wengi niliozungumza nao walianzia kwa kukabidhi kitu ambacho hakikupaswa kutoka mkononi mwao: kadi ya benki, kisha namba ya siri, kisha nywila.

Flashi, printa, na matumizi madogo madogo

Flashi na folda ya pamoja kwenye seva: chagua folda. Flashi iliyopita steshenari kuchapisha barua hurudi na kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato, na nusu ya wiki yangu huishia hapo. Ukilazimika kutumia flashi, iwe ya ofisi, na ichunguzwe kabla ya kufunguliwa.

Printa: tasnifu yako ya Chuo Kikuu Huria kaichapishe steshenari. Kurasa mia na hamsini ni tona ya fomu za wananchi ya siku kadhaa. Barua moja ya kuombea mtoto uhamisho wa shule, omba ruhusa; sijaona mkuu aliyeikatalia. Kusoma habari wakati wa chai, kuangalia barua pepe yako dakika tano, hayo ni maisha na hayamuumizi mtu. Biashara, kampeni za siasa, picha za ngono, kamari na programu za kuchakachua hayana dozi ndogo. Hata mara moja ni nyingi mno kwenye kompyuta ya umma.

Siku ya kuondoka

Nilisema kipimo ni barua ya uhamisho, basi nimalizie na siku yenyewe. Njoo kwetu siku mbili kabla, usije saa nane ya siku ya mwisho. Tutakaa pamoja kwenye kompyuta yako. Vya nyumbani utavihamisha wewe mwenyewe kwenye diski yako, mimi nikiwa nimegeukia pembeni. Vya ofisi tutaviweka kwenye folda ya kitengo kwa majina ambayo mtu mwingine anayaelewa, siyo "mpya mpya mwisho 2". Tutafuta nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, tutafunga WhatsApp, tutaondoa haki zako kwenye mifumo ya kituo hiki, na utatoka kwenye magrupu huku nikikuona. Kisha tutasaini fomu ya makabidhiano, nakala moja yako. Itunze vizuri kule Kigoma. Wakaguzi wakiuliza, ndiyo utakayowatumia.